Kopo la Nusu Lita

12 Mei

Mimi ni Ngusa Masele wa Nkoma. Nina miaka sabini na tisa. Kadi ya kupigia kura inasema themanini na mbili, lakini aliyeiandika alikuwa kijana mwenye usingizi. Nimezika wake wawili na kaka zangu wanne. Nimeishi kuliko chama cha msingi cha pamba kilichokufa mara mbili na kufufuka mara moja. Nimeishi kuliko maofisa kilimo tisa, na kila mmoja alikuja kunifundisha pamba. Nimeishi kuliko daktari wa mifugo aliyeniambia nisipoacha ugoro sitamaliza miaka mitano. Huyo tulimzika, na mimi nilinusa ugoro wangu pale pale msibani.

Sasa mkojo umenigomea. Jana binti yangu Klementina alinipeleka hospitali mjini Bariadi, wakaniingiza mpira unaotoa mkojo kibofuni hadi kwenye mfuko wa plastiki. Mfuko naufunga pajani kama fundi anavyofunga futi yake. Daktari, mtoto ambaye ndevu zake zingehesabika, amesema ni tezi dume, nirudi mwezi wa sita wanipasue.

Naandika humu kwa sababu siwaamini. Daftari hili lilikuwa la maziwa, nilipokuwa nauza maziwa kwa kopo. Nilisoma darasa tatu tu lakini daftari langu halikuwahi kukosea. Wakinifanyia ujinga wowote nitauandika, na siku ya kutoka nitampelekea mganga mfawidhi asome mwenyewe.

15 Mei

Mvua imenyesha juu ya pamba iliyokwisha kupasuka. Mvua ya Mei haina adabu.

21 Mei

Danford amepiga simu kutoka Lamadi. Ni mwanangu wa mwisho, anauza dagaa huko, na akaoa huko huko, kwa watu wa ziwani. Mkewe anaitwa Felisita, ni nesi wa hospitali ile ile ya Bariadi. Amesema Felisita amehamishiwa wodi ya wanaume, wodi ile ile nitakayolazwa, na kwamba nishukuru.

Nishukuru nini? Kwetu mkwe haoni mwili wa baba mkwe. Akinikuta njiani anapisha pembeni. Hanishiki mkono, haketi kitanda changu, hapiti mlangoni ninapolala. Akikosea hata bila kukusudia, anatoa mbuzi, wazee wanakaa, mambo yanasafishwa. Hayo ni kwa ajali ya njiani tu. Sasa mtu anataka mkwe aje kushika mfuko wa mkojo wangu mchana, mbele ya watu.

Nilimwambia Danford kwamba hata ng'ombe dume aliyeugua anapelekwa kando. Akacheka. Watu wanaokula dagaa kila siku hucheka ovyo.

2 Juni

Klementina amevuna magunia sita peke yake. Shangazi zake wangevuna kumi.

9 Juni

Nimelazwa. Kitanda namba nne, karibu na dirisha. Kitanda cha tano yuko Boniventura wa Migato, alikuwa katekista miaka arobaini, naye amepasuliwa ngiri. Anasali kwa sauti na kukoroma kwa sauti, huwezi kujua lini amebadilisha.

Nesi wa kiume anaitwa Novatus. Ana maneno mengi kama dalali wa mnadani. Aliniita mzee kwa kilugha chetu, "Namhala, unajisikiaje?" Nikasema mhola. Akaandika. Kumbe kazi yenyewe ni hiyo. Mtu anakuuliza habari, unajibu salama kama mtu yeyote mwenye adabu anavyojibu, naye anaandika salama kwenye karatasi, analipwa mwisho wa mwezi. Mimi nikitaka kujua ng'ombe anaumwa simuulizi. Naangalia masikio, pua, namna anavyosimama.

Felisita alikuja jioni. Namshukuru kwa jambo moja, alipiga magoti kule kule mwisho wa kitanda, macho chini, akanisalimu kwa kilugha, "Mwadila, baba." Nikaitikia. Akamwambia Novatus nisikie kwamba yeye atapima joto na mapigo ya mkono tu, na kuandika karatasi, mengine yote kuanzia kiunoni ni ya Novatus. Alikuwa ameshamwambia mkuu wao kwamba mimi ni baba mkwe wake. Sawa. Lakini hata amevaa nguo nyeupe bado nasikia harufu ya dagaa.

11 Juni

Wamenipasua. Walinichoma mgongoni, miguu ikafa, kichwa kikabaki hai. Nilisikia wanaongea habari za mpira wa miguu juu ya tumbo langu.

12 Juni

Kuna chupa ya maji inaning'inia. Maji yanaingia kwenye kibofu kwa mpira, yanatoka kwenye mfuko mekundu. Novatus anasema yanasafisha damu isigande. Wanaosha mtu kwa ndani kama tumbo la mbuzi.

Boniventura aliuliza kama nimelia. Nikamwambia mwaka ule fahali aliponivunja mkono nilitembea nao hadi Binza nikiwa nimeufunga kwa kamba ya katani. Akasema hakuuliza habari za mkono.

13 Juni

Chupa wameitoa. Daktari kasema maji yametakata, sasa ninywe maji mengi, lita tatu kwa siku, ili kibofu kijioshe chenyewe. Na kila mkojo upimwe, rangi iandikwe. Wamebandika karatasi kwenye kitanda changu: yaliyoingia, yaliyotoka. Mwandishi wa karatasi hiyo ni nani? Felisita.

Yaani mke wa mwanangu atasimama mwisho wa kitanda, atatazama mfuko, ataandika leo baba mkwe amekojoa kiasi hiki na rangi yake ni hii. Halafu jioni ampigie simu Danford, nao wacheke kwenye moshi wa dagaa. Nimeishi miaka sabini na tisa bila mwanamke wa kuolewa kwetu kujua mkojo wangu.

Kwa hiyo nimefanya mpango. Klementina aliniletea uji kwa lile kopo langu la kupimia maziwa, la nusu lita. Asubuhi kabla zamu ya Felisita haijaingia nimekwenda chooni polepole nikishika ukuta, nikafungua koki ya mfuko, nikapima mwenyewe, nikamwaga. Mchana hivyo hivyo. Felisita akija anakuta mfuko mtupu. Na maji nanywa kidogo tu. Asiyeingiza hatoi.

Leo: makopo manne. Rangi ya chai isiyo na maziwa.

Novatus aliuliza kiasi gani nimemwaga. Nikamwambia makopo manane, lita nne. Akapiga mluzi, akasema babu una kibofu cha kijana. Nilikuwa nawaambia wanunuzi maziwa ni mengi pia, kwa mdomo. Daftari sikulidanganya hata siku moja.

14 Juni

Makopo matatu. Rangi imekolea, kama maji yaliyooshewa nyama. Nimemwambia Novatus sita, rangi safi. Kaandika.

Felisita alinitazama muda mrefu leo, akamtuma Boniventura aniulize kama nakunywa maji. Nikamjibu kupitia Boniventura kwamba mimi nimechimba visima vitatu kwa mikono yangu, sihitaji mtu wa ziwani kunifundisha maji.

15 Juni

Kopo moja na nusu. Kuna vipande vidogo vyeusi, kama makapi ya kahawa. Nadhani ndiyo uchafu wa mwisho unatoka. Mkojo kupungua maana yake kidonda kinakauka. Mtu hahitaji kusoma chuo ili ajue hilo.

Upepo umevuma siku nzima. Vumbi limeingia hadi kwenye chai ya Boniventura. Nikamwambia ndiyo maana sala zake hazifiki, zimejaa mchanga.

16 Juni, asubuhi

Alfajiri nusu kopo. Baada ya hapo hakuna.

Tumbo limejaa lakini sijala. Nimemwambia Novatus lita mbili. Nimesema mhola.

19 Juni

Nimerudi kuandika. Mwandiko umepinda lakini maneno ni yangu.

Siku ile ya tarehe kumi na sita, saa nane mchana, Novatus alikuwa amemsukuma mgonjwa kwenda chumba cha upasuaji. Wodi nzima ilibaki na Felisita. Mimi nilikuwa nimelala chali nimeshika chuma cha kitanda kwa mikono miwili. Sikuwa nalia. Boniventura anasema nilikuwa natoa sauti kama ng'ombe aliyebanwa zizini, lakini Boniventura amezoea kusema mambo asiyoyaona.

Felisita akaja na kipimajoto. Akapiga magoti mahali pake.

Akasema, "Mwadila, baba."

Nikaitikia.

"Mhola?"

"Mhola."

Hakunyanyuka. Nilidhani anasubiri baraka. Kumbe alikuwa anatazama vidole vya miguu yangu vilivyotokeza nje ya shuka. Vilikuwa vimejikunja vyote. Halafu akatazama mikono kwenye chuma. Halafu paji la uso, ambalo lilikuwa linatiririka jasho na upepo wa baridi unapita dirishani. Hakuniuliza kitu. Alitazama masikio, pua na namna ninavyolala. Nilimjua mtu anayetazama hivyo, maana ndivyo ninavyotazama mimi, na ilinichukiza.

Akaomba mkono. Mkono unaruhusiwa. Akahesabu mapigo akitazama saa aliyoibandika kifuani, akahesabu tena. Kisha akageukia kitanda cha tano.

"Babu Boniventura, niulizie baba, mkojo wa mwisho umetoka saa ngapi?"

Nikamwambia Boniventura, "Mwambie huyo binti wa dagaa amuulize Novatus."

"Anasema umuulize Novatus," akasema Boniventura. Aliona aibu kulisema lile neno la dagaa, akaliacha.

"Mwambie Novatus ameandika lita mbili asubuhi hii. Mtu aliyetoa lita mbili hana tumbo hili na hana jasho hili. Na mfuko ni mkavu."

Boniventura hakunifikishia ujumbe huo. Aliketi kitandani akishika kidonda chake cha ngiri, akasema, "Binti, usinitume tena. Anamwaga mwenyewe kabla hujaja, kila siku. Na anaandika yote, kama karani wa mizani. Daftari liko chini ya mto."

Katekista miaka arobaini, na siri ya jirani hawezi kuibeba siku nne.

Felisita alichukua daftari. Hakuomba. Akasimama akasoma, na mimi nikatazama macho yake. Alipita ukurasa wa dagaa, najua, kwa sababu pua yake ilicheza kidogo. Lakini kidole hakikusimama pale. Kilishuka kwenye hesabu tu, akisoma kwa sauti ya chini, "Manne. Matatu. Moja na nusu. Nusu. Hakuna." Akarudi kwenye vipande vyeusi, akasoma mara mbili.

Kisha akaniuliza mimi mwenyewe, siyo kupitia mtu, "Baba, kopo hili ni la ujazo gani?"

Sikutaka kujibu. Lakini hakuna mtu aliyewahi kuniuliza habari za kopo langu nikanyamaza.

"Nusu lita," nikasema. "Halijawahi kumpunja mtu."

Akageuza uso kwa Boniventura, akapiga magoti tena, mara hii akielekea kwake kama mtu anayetoa kesi barazani.

"Mwambie baba," akasema, "mbuzi nitamtoa."

Akasimama, akavuta pazia, akaondoa shuka.

Nilisema maneno ambayo siandiki. Nilimwambia atakufa tasa, na ana watoto watatu. Yeye aliweka kiganja chake juu ya tumbo, chini ya kitovu, karibu na mshono. Lilikuwa gumu kama ngozi ya ngoma iliyoanikwa. Akamwita kwa nguvu nesi wa wodi ya akina mama, akamwambia ampigie daktari simu sasa hivi, mgonjwa wa tezi siku ya tano, mpira umeziba kwa damu iliyoganda, kibofu kimejaa, mapigo yanakimbia. Akamwambia alete bomba kubwa la sindano na maji ya chumvi. Alisema yote hayo bila kuinua sauti juu ya ile ya kumwita mtu sokoni. Mikono yake ilishaanza kuvaa glovu.

Alichomeka bomba kwenye mpira, akasukuma maji taratibu, akavuta. Hakuna. Akasukuma, akavuta. Hakuna. Nikamwambia aniache nife na heshima yangu. Akasema, "Baba, geuka kidogo upande huu." Nikageuka, sijui kwa nini. Akavuta tena, na kitu kikaachia.

Kilikuja kipande kama ini la kuku. Kikaja kingine. Kisha mkojo wenye damu ukaja wote kwa pamoja, ukajaza beseni, na mimi nikasikia mwili wangu unarudi kutoka mahali ulikokuwa unakwenda. Boniventura anasema nililia. Macho yalitoa maji, kwa sababu ya upepo.

Daktari mwenye ndevu za kuhesabika alikuja anakimbia. Alitazama beseni, akatazama chati yangu yenye lita zote za uongo, akamuuliza Novatus aliyekuwa amerudi kama aliona mkojo huo kwa macho. Novatus akasema aliandika nilichomwambia. Daktari akasema kwa saa moja nyingine mshono wa kibofu ungeachia, na huku damu inaendelea kutoka ndani. Wakaning'iniza tena ile chupa ya kuosha. Wakaniwekea chupa mbili za damu ya watu. Sijui ni ya nani. Naomba isiwe ya mvuvi.

Chati ilikuwa mikononi mwa daktari, kwa hiyo Felisita aliandika kwenye daftari langu, papo hapo, kwa kalamu nyekundu, chini ya neno langu hakuna:

16/6 saa 8:25 mchana. Mabonge ya damu yametolewa. Mkojo mwekundu, ml 1,100. Presha 90/60. Mapigo 124. Daktari amefika 8:40. F.

Nimeisoma mara nyingi siku hizi tatu. Makopo mawili na zaidi kidogo. Mkojo huo wote ulikuwa mle ndani ya tumbo langu kama ndama, na mimi nilikuwa nasema kidonda kinakauka.

20 Juni

Nimemwambia Klementina jambo lenyewe kwa hasira, kwamba mke wa Danford ameniona uchi na deni la mbuzi limesimama. Klementina alikuwa na pamba kwenye nywele, ametoka shambani moja kwa moja. Akaniuliza kopo liko wapi. Nikamwonyesha. Akalichukua akaondoka nalo.

Huyu mtoto nilimlea vibaya.

21 Juni

Novatus anakuja sasa anainama hadi kwenye mfuko, anauinua kwenye mwanga, ananusa karibu. Haniulizi tena najisikiaje. Nimemwambia anaanza kufanana na mtu wa kazi. Hakupiga mluzi.

22 Juni

Kuna utaratibu mpya, na sikuuanzisha mimi. Naandika kwenye daftari nimekunywa vikombe vingapi. Naliweka mwisho wa kitanda. Felisita anapiga magoti, anasalimia, anachukua daftari, anatazama mfuko uliopimwa na Novatus, anaandika kwa nyekundu chini ya maneno yangu. Analiacha. Hatusemi kitu. Hakuna sheria ya wazee inayokataza mkwe kuandika.

Nimeandika: Vikombe vinane.

Ameandika: Baba, nimehesabu vitano kwenye jagi. Mkojo ml 900, wa pinki.

Nimeandika: Vitano vikubwa.

23 Juni

Vikombe kumi na mbili, na Boniventura shahidi.

Nyekundu: Ml 2,300. Mweupe kama maji safi. Vizuri.

Hilo neno la mwisho hakulazimika kuliandika.

25 Juni

Homa kidogo. Felisita aliigundua kabla yangu, akaandika nyuzi, akaomba sindano ibadilishwe. Jioni ikashuka. Nilitaka kuandika kwamba ingeshuka yenyewe.

27 Juni

Mpira umetolewa. Nimekojoa mwenyewe kama ndama dume anayekimbia. Novatus kapima, lakini niliwaita wote wasikilize.

Boniventura aliruhusiwa jana. Ameniachia rozari yake, nimemwambia sisali kwa shanga. Akasema niitumie kuhesabia vikombe. Amekwenda Migato kuvuna mpunga uliochelewa, na yeye ni mtu wa ngiri. Atarudi hapa kabla ya Krismasi.

8 Julai

Nyumbani. Pamba inapelekwa kwenye mizani. Klementina amechagua nyeupe na chafu kwa mikono yake mwenyewe, hataki nisogee, anasema nitachanganya.

14 Julai

Watoto wa marehemu kaka zangu wamekuja wakaketi. Habari zimefika. Mkwe amemwona baba mkwe uchi, amemshika, katika wodi yenye watu. Wanasema mbuzi lazima aje, hata kama ni hospitali. Mmoja wao, ambaye hajawahi kuugua kitu zaidi ya mafua, alisema angekuwa yeye angekufa kuliko hilo.

Nilimtazama. Nilikumbuka kwamba tarehe kumi na sita mchana nilisema maneno yale yale, na tumbo langu lilikuwa limejaa.

Nikamwambia kufa ni rahisi ukiwa umekunywa togwa ya binti yangu.

19 Julai

Mbuzi amefika, na Felisita mwenyewe amekuja naye kutoka Bariadi, siku yake ya mapumziko. Beberu mweusi mwenye doa jeupe shingoni. Felisita alipiga magoti nje ya ua, hakuingia. Wazee waliuliza kama anakubali kosa. Akasema anakubali alimwona baba. Wakauliza kama anaomba radhi. Akasema anaomba radhi kwa kumwona, lakini haombi radhi kwa kumtazama.

Wazee walitazamana. Hawakuelewa. Mimi nilielewa, na nikafanya kama sikusikia.

Klementina alisema kutoka jikoni, bila kuitwa, "Na aliyebeba kopo chooni siku nne anatoa nini?"

Nikamwambia mwanamke haongei barazani. Akasema hayuko barazani, yuko jikoni.

Mbuzi alichinjwa? Hapana. Nilimkagua meno, masikio, miguu. Nikasema amekonda, huyu mbuzi ameletwa kwa basi, amelala na magunia ya dagaa, hafai kusafisha kitu. Nikaagiza afungwe zizini kwanza, anenepe.

3 Agosti

Mbuzi amenenepa. Nimemrudisha Bariadi. Lakini mbuzi hawezi kwenda peke yake njiani, atapotea, kwa hiyo nimemwongezea ndama jike, yule wa ng'ombe mwekundu, mwenye maziwa mengi kuliko wote niliobaki nao. Nimemwambia Danford kwa simu kwamba ndama ni wa kumsindikiza mbuzi tu, na asilete maneno.

Danford akauliza kama naumwa tena.

Watoto wa kaka zangu wameuliza kwa nini mwenye deni analipwa. Nimesema mimi ndiye mkubwa wa ukoo huu, na ni mimi pekee niliyekuwa ndani ya tumbo lile.

11 Agosti

Felisita amenitumia kopo langu. Kumbe Klementina alimkabidhi yeye. Ameliosha, akalichora kwa rangi ya kucha mistari ya mia, mia mbili, hadi mia tano. Nimelijaza maji nikapima kwa chupa ya dawa ya watoto. Mistari ni sawa. Nilitarajia nikute kosa.

22 Agosti

Tumeng'oa mashina ya pamba na kuyachoma. Moshi umekaa juu ya Nkoma tangu asubuhi. Nakojoa vizuri. Nakunywa vikombe kumi. Ugoro bado nanusa.

Nilisema daftari hili litakwenda kwa mganga mfawidhi likawashtaki manesi wote. Nimelisoma tena toka mwanzo. Makosa yamo mengi, lakini mengi yana mwandiko wangu, kwa hiyo halitakwenda.

Lakini atakayelikuta nikiwa sipo asiseme mzee alitunga. Waulizwe Boniventura wa Migato, aliyeona kila kitu na hawezi kunyamaza, na Novatus, ambaye siku hizi anainama. Aulizwe Klementina kama kopo lilikuwa kweli. Na aulizwe Felisita, mkwe wangu, muuguzi, ambaye hata hahitaji kuulizwa kwa sababu amekwisha kuandika humu.

Wino wa bluu ni mimi, nyekundu ni yeye. Mahali tulipopishana, fuata nyekundu. Isipokuwa kwenye habari za dagaa.